Mgonjwa Hali Peke Yake

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya kamati za parokia, Tabora)



Sisi wa Tabora tunakaa kwenye njia ya zamani ya misafara. Wapagazi walitembea toka Ujiji mpaka Bagamoyo, mizigo mabegani, wakipitia hapa. Leo hata kwenda sokoni tunapanda bodaboda, lakini ugali sahanini haujapungua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, wapatao 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na 9 kisukari.

Mgonjwa hospitalini huambiwa apunguze chumvi na mafuta. Akirudi nyumbani anakuta sinia moja la watu saba, na mpishi hakuambiwa kitu. Wiki ya pili amechoka, anakula kama wengine. Kwa hiyo tunapomtembelea, tumshauri pamoja na anayepika. Mambo ni manne.

Kwanza, chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na ile ya mchuzi. Isiwekwe mezani.

Pili, asali. Ni fahari ya mkoa wetu, lakini kwa mwenye kisukari asali nayo ni sukari. Asidanganywe kwamba ni dawa.

Tatu, nusu ya sahani iwe mboga: mlenda, matembele, mchicha. Robo iwe ugali wa dona, na robo maharage, samaki au kuku. Michembe ihesabiwe upande wa ugali. Mboga ikiungwa kwa karanga, mafuta ya kula yapunguzwe.

Nne, chakula hakichukui nafasi ya dawa. Na anayetumia dawa za kisukari asifunge Kwaresima kabla ya kuongea na daktari. Sukari ikishuka ghafla anaweza kuzimia, hata kufa. Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga. Hili litangazwe kwenye jumuiya zote kabla ya Jumatano ya Majivu.

Wafadhili wetu, mashine moja ya kupimia shinikizo kwa kila parokia ingetusaidia sana, maana wengi hawajijui.

Nasi tuanze na sisi wenyewe. Leo tumeandaliwa soda na maandazi. Kikao kijacho naomba maji, karanga na papai.