Kiondo cha Roho Yako

Leo hatuzungumzii mikopo.

Huku Ukambani mama zetu walisokota katani pajani, wakasuka kiondo hata njiani wakienda sokoni, kwa rangi walizozipenda wenyewe. Siku hizi tunasuka vya oda tu. Mnunuzi anachagua rangi, anachagua na saizi. Hatukatai, karo inalipwa. Lakini wenzetu wengine wameanza kuchukia hata kuishika hiyo katani, na hao ndio wasukaji hodari!

Basi kikundi chetu tumekubaliana: tukishakusanya michango, saa moja kila mtu asuke anachopenda. Wazee nao, leteni bao. Oda itangoja kesho, mnunuzi tumeshamwambia.