Saikolojia Si Kupiga Ramli

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Kileo, wilayani Mwanga)

 

Mwalimu aliposema nimesoma shahada ya saikolojia, nimemwona dada mmoja pale nyuma anajifunika uso kwa daftari. Usiogope, dada! Siwezi kusoma yaliyomo moyoni mwako. Ningekuwa na uwezo huo tangu zamani, nisingekuwa na habari hii ya kuwasimulia leo.

Nikiwa kidato cha tatu nilikaa dawati moja na rafiki yangu. Alikuwa mkali wa hesabu, tena mcheshi. Muhula wa pili akabadilika. Usiku halali, chakula hataki, ubao anautazama tu bila kuandika. Sisi wenzake tulisemaje? Wengine walisema karogwa. Wengine walisema bangi hiyo. Mimi, rafiki yake, nilicheka pamoja nao. Siku moja akaniambia, "Nimechoka. Natamani nilale nisiamke." Nikamjibu, "Acha utani, twende tukacheze mpira." Wiki iliyofuata hakuja shuleni, na hakurudi tena. Namshukuru Mungu, yuko hai na ana familia. Lakini masomo yake yaliishia pale.

Basi, nilipomaliza kidato cha sita nikasema nitasoma saikolojia ili nijue kuponya watu kama yeye. Kumbe nilikuwa sijui ninachokwenda kusoma!

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha shahada ya kwanza ya saikolojia kwa miaka 3. Unasoma jinsi mtoto anavyokua, jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi, kwa nini mtu akiwa katika kundi hutenda asiyoweza kuyatenda akiwa peke yake, na matatizo ya afya ya akili. Unasoma pia takwimu na mbinu za utafiti. Takwimu zilinitoa jasho! Wewe unayekimbia hisabati hapa, ujue itakusubiri kule.

Kwa nini takwimu? Kwa sababu saikolojia haikubali "watu wanasema". Inataka utazame, uulize, uhesabu, ndipo useme. Mfano mzuri uko jirani. Mwaka 1954 mtafiti Mary Ainsworth alikwenda Uganda. Katika vijiji karibu na Kampala alitembelea familia 26 tena na tena, akiwatazama akina mama na watoto wao wachanga majumbani mwao. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake anamwelewa haraka, akilia au akicheka, hujenga imani naye, na hapo hupata ujasiri wa kutambaa na kuchunguza mambo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na mpaka leo utafiti wake unafundishwa vyuo vikuu duniani. Elimu hiyo ilitoka Buganda. Mbona nyingine isitoke Upare, ikiletwa na mmoja wenu?

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa wengi hupotea. Shahada ya kwanza ya saikolojia haikufanyi uwe mtaalamu wa kutibu. Ukitaka kutibu kwa mazungumzo, utaendelea na shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, ambayo hutolewa Muhimbili. Ukitaka kuwa daktari wa magonjwa ya akili, anayeandika dawa, ni lazima kwanza usome udaktari wa binadamu kwa miaka 5, kisha ubobee. Njia hiyo inaanza na fizikia, kemia na baiolojia, kwa hiyo uamuzi wake unaanza hapa hapa ulipo, katika kuchagua masomo.

Na kazi je? Sitawadanganya: kazi haikusubiri mlangoni. Wenzangu wengine wako kwenye mashirika ya watoto, wengine ofisi za utumishi, wengine utafiti, wengine unasihi mashuleni. Kabla ya kuomba, soma mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wa mwaka huo, uone sifa zinazotakiwa. Usisikilize ya vijiweni.

Tena, usiende kusoma saikolojia ili ujitibu mwenyewe. Kama una mzigo moyoni, zungumza sasa na mtu mzima unayemwamini, au nenda kituo cha afya. Hospitali ya KCMC pale Moshi wako wataalamu wa afya ya akili. Na rafiki akikuambia hataki kuishi, usicheke, usimwache peke yake, na usimfichie siri hiyo. Mweleze mwalimu au mzazi siku hiyo hiyo. Akikununia kwa muda, hiyo si hasara. Hasara naijua mimi.

Nilidhani rafiki yangu alihitaji mtu mwenye shahada. Siku ile alihitaji mtu wa kuacha mpira, akae chini, amuulize, "Umeanza kujisikia hivi tangu lini?" Kisha anyamaze, asikilize. Mimi nilijifunza kuuliza hivyo nikiwa chuoni, nikiwa nimeshachelewa. Ninyi mmelijua swali hilo leo, na dawati lenu lina watu wawili.