Risasi, Jembe na Ndege: Historia ya Shirika la Mzinga

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali mjini Gairo, mkoani Morogoro.



Hapa Gairo neno "mzinga" lina maana mbili, na ya kwanza ni ya amani. Mkaguru anayepanda mlimani kutundika mzinga juu ya mti hutazamia asali. Maana ya pili ni ile ya silaha kubwa ipigayo kwa kishindo. Yamkini ni umbo lililozipatanisha maana hizo, kwa kuwa moja ni gogo lililotobolewa kati na nyingine ni chuma kilichotobolewa kati. Kilomita zipatazo 130 kutoka hapa, katika mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, liko shirika la umma lenye jina hilo, Shirika la Mzinga, nalo limekwisha kupita nusu karne. Wakazi wengi wa mkoa huu wanalijua jina lake kuliko wanavyoijua historia yake, na jambo hilo si la ajabu, kwani shughuli za ulinzi hazitangazwi kama sabuni.

Ili kuelewa kwa nini shirika hilo liliundwa, yafaa kurudi nyuma hadi siku ambazo taifa lilikuwa changa na mikono yake mitupu. Mwezi Januari 1964 askari wa jeshi lililorithiwa kutoka kwa mkoloni waliasi, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Jeshi jipya lilihitaji kila kitu: bunduki, magari, walimu, ndege. Vyote hivyo vilikuwa mikononi mwa wengine.

Kikosi cha anga ndicho kilichotoa somo la mapema na chungu. Ujerumani Magharibi ilikuwa imekubali kukisaidia, na wakufunzi wake walikwisha fika nchini. Mapema mwaka 1965 ukazuka ugomvi juu ya Ujerumani Mashariki kuruhusiwa kuwa na ofisi ya ubalozi mdogo Dar es Salaam baada ya Muungano. Serikali ya Bonn, kwa hasira, ikawaondoa ghafla wakufunzi wake. Mwalimu Nyerere akajibu kwa kuitaka ichukue na misaada yake mingine ya kiserikali. Mwezi Desemba mwaka huohuo Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Canada iliingia kuziba pengo la anga, ikafundisha marubani na kutoa ndege za uchukuzi za Caribou na Otter, hadi wakufunzi wake walipoondoka mwaka 1970. Wazee walisema aliyeshika mpini ndiye mwenye kisu. Katika muda wa miaka sita hivi mpini ulikuwa umepita katika mikono kadhaa, na hakuna mmoja uliokuwa wa Mtanzania.

Matukio yaliyofuata hayakuruhusu usingizi. Novemba 1970 Wareno walivamia Conakry, mji mkuu wa Guinea. Januari 25, 1971, Idi Amin alimpindua Milton Obote katika Uganda. Mwezi uliofuata TANU ikatoa Mwongozo, ambao ulitaka ulinzi wa nchi uwe kazi ya wananchi wote na mgambo ienezwe. Kusini, ng'ambo ya mto Ruvuma, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa vimepamba moto, na Tanzania ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Watu wa Gairo walikuwa karibu na mambo hayo kuliko wengi wanavyokumbuka. Kongwa, jirani tu upande wa magharibi, ilikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa vyama vya kusini mwa Afrika tangu katikati ya miaka ya 1960. Na upande wa mashariki, mjini Morogoro, ndiko chama cha ANC cha Afrika Kusini kilikofanya mkutano wake mashuhuri kuanzia Aprili 25 hadi Mei 1, 1969.

Katika hali hiyo, mwaka 1971, mradi wa Mzinga ulianza kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China. China ilikuwa imekwisha kujenga kiwanda cha nguo cha Urafiki na ilikuwa ikijenga reli ya kwenda Zambia. Mwaka 1974 mradi ukageuzwa rasmi kuwa shirika la umma chini ya sheria ya mashirika ya umma ya 1969. Kazi yake ya msingi ilikuwa kutengeneza risasi na kulihudumia jeshi kwa ufundi wa zana zake.

Kwa nini risasi, na si bunduki au mizinga? Jibu ni la kihesabu. Bunduki moja hudumu miaka mingi mikononi mwa askari, lakini risasi hutumika mara moja tu. Jeshi lisilo na bunduki za ziada laweza kungoja. Jeshi lililoishiwa risasi limekwisha shindwa. Mwuzaji anayetaka kuliadhibu taifa dogo hana haja ya kulipiga. Amchelewesheapo meli moja, kazi yake imekwisha.

Lakini asiyejua hudhani kwamba kitu hicho kidogo kinachotoshea kiganjani ni rahisi kutengenezwa. Risasi ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Ganda huanza kama kikombe kifupi cha mchanganyiko wa shaba na zinki. Hukandamizwa na kuvutwa na mashine mara kadhaa mpaka lirefuke, na kati ya mvuto mmoja na mwingine hupashwa moto ili madini yalainike, kwani yakivutwa yakiwa yamekakamaa hupasuka. Ndipo shingo hubanwa, kitako huchongwa na kutobolewa mahali pa fataki, na baruti hupimwa kwa uzito uleule kila mara. Ganda likizidi kipimo kwa unene wa unywele, halitaingia katika bunduki. Likipungua, gesi huweza kutorokea nyuma na kumdhuru askari mwenyewe. Mafundi wanaofanya kazi hiyo sharti wazoee kuhesabu sehemu za mia za milimita, na wazoee kulikataa kundi zima la bidhaa kwa kosa ambalo jicho halilioni. Hapo ndipo ilipo thamani kubwa ya Mzinga, kuliko hata risasi zenyewe. Wahunzi walikuwapo Ukaguru tangu zamani, nao walifua majembe na mikuki; ila kila jembe lilikuwa na umbo lake. Kuvifanya vitu elfu vilingane kabisa ni elimu nyingine.

Vita vya Kagera vilipima mipaka ya elimu hiyo. Majeshi ya Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Jeshi lilipanuliwa haraka kwa wanamgambo na watu wa vikosi vingine, na gharama ya vita hivyo hukadiriwa kuwa dola milioni 500, mzigo uliolemea uchumi kwa miaka mingi. Silaha iliyopata sifa kuliko zote, ile mizinga ya makombora ambayo wananchi waliipa jina la "saba saba", ilitoka Urusi ya Kisovyeti. Ndege za kivita, ambazo kituo chake kikuu ni Ngerengere katika mkoa huuhuu, nyingi zilitoka China. Taifa lenye kiwanda cha risasi lilikuwa bado linanunua vilivyo vizito.

Upande wa ndege hasa, njia ni ndefu hata kwa wakubwa. India ilianza mwaka 1940, kiwanda kilipofunguliwa Bangalore na mfanyabiashara Walchand Hirachand. Baadaye serikali ikakitwaa, na mwaka 1964 likaundwa shirika la Hindustan Aeronautics. Mwaka 1961 Wahindi walirusha ndege yao ya kivita, Marut, iliyobuniwa chini ya Mjerumani Kurt Tank. Umbo lake lilisifiwa. Injini yenye nguvu ya kutosha haikupatikana, na ndege hiyo haikufikia mwendo uliokusudiwa. Makaburu wa Afrika Kusini nao, walipowekewa vikwazo vya silaha na Umoja wa Mataifa mwaka 1977, walikuwa na viwanda vya ndege tangu muongo uliotangulia, lakini miundo yao mingi ilianzia kwenye leseni za Italia na Ufaransa. Kenya, kwa upande wake, ilijenga kiwanda cha risasi Eldoret katika miaka ya 1990, miaka ishirini na zaidi baada ya Morogoro. Kwa hiyo Mzinga hauna sababu ya kuona haya mbele ya majirani.

Haya yenyewe yako mahali pengine.

Mwaka 1970, mwaka mmoja tu kabla ya mradi wa Mzinga, China hiyohiyo ilisaidia kujenga kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, kilichofua majembe na plau. Jembe ni rahisi kuliko risasi. Wanunuzi wake walikuwa karibu nchi nzima, tangu mkulima wa maharage wa hapa Gairo hadi mkulima wa mpunga wa Kyela. Mjini Morogoro kwenyewe, katika miaka ya 1970 na 1980, vilijengwa viwanda vya viatu, ngozi, maturubai na nguo. Kile cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kuuza Ulaya, na hutajwa duniani kote kama mfano wa mradi uliokwama, kwa kuwa hakikuwahi kuzalisha zaidi ya sehemu ndogo mno ya uwezo wake. Yalipokuja magumu ya miaka ya 1980, na baada yake ubinafsishaji wa miaka ya 1990, UFI ilidhoofika na majembe ya kutoka nje yakashika soko. Kiwanda cha risasi kikabaki. Kiwanda cha jembe hakikubaki.

Wapo wasemao kwamba askari ni wasimamizi bora kuliko raia. Nidhamu ina nafasi yake, lakini maelezo hayo hayatoshi. Mzinga ulikuwa na mnunuzi asiyeondoka, yaani dola, naye hakuuliza kila mwaka kama risasi ya nje ni rahisi zaidi. Alikubali kulipa gharama ya kujifunza. Mkulima, ambaye ndiye mlishaji wa dola hiyo, hakupewa heshima ya namna hiyo: alipoletewa jembe la nje lililopungua bei, serikali ilimwachia soko liamue, na ufundi wa Ubungo ukaenda na maji. Ni haki kuuliza kama ulinzi wa nchi unaanzia kwenye risasi au kwenye ghala la mahindi.

Hapa mtu anaweza kusema: basi viwanda vya silaha vigeuzwe kuwa vya kilimo. Kongwa yatosha kumjibu. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947 walileta vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers, vikaitwa Shervick. Ardhi ngumu, mvua haba na ukosefu wa karakana na vipuri viliwashinda, na mradi ukavunjwa mwaka 1951. Chuma cha vita hakiwi cha shamba kwa kubadilishwa rangi. Inatakiwa karakana, na fundi anayejua kipimo.

Jaribio la dhati la kuunganisha mambo hayo mawili lilikuwa Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari cha Kibaha kilicho chini ya jeshi, kilichoanzishwa rasmi mwaka 1985. Kiliunda gari la mizigo la Kitanzania na kufanya kazi ya matrekta pia. Gari lilitembea. Halikufikia kuuzwa kwa wingi, kwa sababu fedha za kutoka ubunifu hadi uzalishaji hazikupatikana ipasavyo. Mzinga nao umefanya kazi za kiraia, za ufundi wa mashine na hata za ujenzi kupitia kampuni yake tanzu. Hata hivyo sehemu kubwa ya ujuzi wa vipimo imekaa nyuma ya ukuta. Siri ya idadi ya risasi ni halali kabisa. Namna ya kuchonga chuma kwa usahihi si siri ya mtu, nayo ingeweza kutoka langoni bila kuhatarisha mpaka wowote.

Morogoro ya leo imepata na ndege. Katika miaka hii ya 2020 kampuni ya Airplanes Africa, ambayo ni ya binafsi na wala si ya jeshi, imekuwa ikiunganisha huko ndege ndogo za viti viwili za Skyleader, zenye asili ya Jamhuri ya Czech. Ni jambo la kupongezwa, na yafaa lisemwe kwa jina lake: kuunganisha. Injini hutoka Ulaya. Vijana wa Kitanzania wanaofunga misumari na kukagua mbawa wanajifunza, kama walivyojifunza Wahindi wa Bangalore walipokuwa wakikarabati ndege za Wamarekani wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Ndugu Walimu, kijana wa Gairo atakayetakiwa katika karakana hizo yuko darasani sasa, na mara nyingi maikromita anaiona kwa mchoro wa chaki ubaoni. Ndugu Watumishi, mashine ya kusaga ikivunjika katika kijiji cha wilaya hii, mwenyewe huagiza kipuri Dar es Salaam na kungoja basi, na kina mama hubeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili. Kipuri hicho ni rahisi kuliko ganda la risasi. Toka Gairo hadi lango la Mzinga ni mwendo wa saa mbili na ushei.