Mtoto Husikia Kila Kitu
Hotuba ya katibu wa kwaya kwa niaba ya akina mama



Hapa Kapedo mtoto hutambua sauti mapema: maporomoko ya maji moto, mbuzi wakirudi jioni, na risasi. Mwaka 2014, na tena 2021, familia nyingi zilihama na masomo yakakatika.

Akina mama, risasi hatuwezi kuizuia. Lakini mtoto akiuliza, "Mama, ni nani alipiga?", tusimjibu kwa jina la kabila. Chuki hufunzwa nyumbani kama wimbo: kidogo kidogo, kila siku. Ng'ambo ya pili pia yuko mama Mpokot anayewalaza wanawe chini wasipatwe.

Akina baba, hadithi za uvamizi wa mifugo mnazosimulia kando ya moto, watoto wanazisikia. Wasimulieni pia siku tulizoishi kwa amani, tukiuziana mbuzi sokoni.

Nanyi wanakwaya, mama akija mazoezini na mtoto mgongoni, mpokeeni. Akilia, tuendelee kuimba. Naye anajifunza.

Mungu azilinde nyumba zetu.