Fundi wa Stima na Amana ya Ndani ya Ukuta



Wengi wetu twaiona kazi ya mkono kuwa ni ya aliyefeli fomu foo. Basi hebu tumtazame fundi wa stima kwenye mjengo.

Kazi yake haianzi siku ya kutia balbu. Huanza kabla zege la slabu halijamwagwa: asome ramani, alaze paipu, apange masanduku ya swichi. Zege likikauka, kosa hutolewa kwa patasi na nyundo. Kisha yaja hesabu. Taa hutiwa waya wa milimita mraba 1.5, soketi 2.5, na shawa ya maji moto yataka mnene zaidi, tena laini yake peke yake. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo hupata moto ukutani, watu wamelala.

Sasa uangalie ule waya wa ethi, wa kijani na manjano. Fundi akiuruka, taa zitawaka vilevile, na mwenye nyumba hatajua. Atakayejua ni mtoto atakayeshika friji siku stima ya volti 240 imevujia kwenye bati lake.

Hiyo ndiyo amana, ndugu yangu. Plasta yamficha binadamu, haimfichi Mola.

Kijana, ukiipenda kazi hii isomee, ufanye mtihani wa NITA, kisha utafute leseni ya EPRA. Nawe mzazi unayejenga, usimbane fundi apunguze waya.

Wabillahi tawfiq.