Punda Naye ni Mteja

(Neno kwa vijana, siku ya maadhimisho yetu)

Vijana wenzangu wa Namanga ya huku na Namanga ya kule!

Wewe unayesoma, huenda unamwomba Mungu mtaji. Mimi niliomba hivyo hivyo, nikapata cherehani ya kuazima, magunia na mablanketi yaliyochakaa. Nikaanza kushona matandiko ya punda, maana kwetu punda ndiye anayebeba maji, kuni na mahindi ya sokoni.

Kazi hii inataka ubunifu. Mzigo haufai kulala juu ya uti wa mgongo wa punda. Kwa hiyo tandiko lina mito miwili, mmoja kila upande, na katikati unaacha nafasi ili mfupa usiguswe. Punda wa mkokoteni naye usimfunge nira ya ng'ombe. Hana nundu ya kuizuia. Yeye huvuta kwa kifua. Mshonee mkanda mpana wa kifuani wenye blanketi ndani. Kamba ya nailoni inamkata ngozi. Pembeni mimi nilitia vitambaa vya rangi na shanga, wateja wakapenda.

Oda zikazidi, na tamaa ikaingia. Nikapunguza blanketi ndani ya mito, nje nikazidisha urembo. Nani angejua?

Wiki mbili baadaye mama mmoja muuza maji akaniita. "Mwanangu, njoo uone." Akaondoa tandiko. Kidonda kibichi, nzi wamejaa. Punda hakulia, alitetemeka tu nilipomgusa. Mama hakunitukana. Aliniuliza, "Sasa wanangu watakula nini?"

Wapendwa, pesa ile ile nilikuwa nimeitolea fungu la kumi!

Nilimrudishia pesa yake. Kila asubuhi nikaenda kuosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa. Madumu ya mama nikayapeleka mwenyewe kwa mkokoteni, mpaka punda akapona. Hapo ndipo nilipojua uzito wa kazi yake.

Kijana, ufundi wako si mambo ya dunia tu. Soma Kutoka 31 uone jinsi Mungu alivyomjaza Bezaleli Roho wake kwa ajili ya kazi ya mikono. Kisha soma Mithali 12:10, uone kwamba haki ya mtu inaonekana hata kwa mnyama wake. Hayo mawili yaende pamoja. Labda wewe unafuga kuku, au unauza maziwa na kuchora mabango ya maduka. Jiulize: faida yangu anailipa nani?

Siku hizi, kabla sijauza tandiko, naligeuza. Natazama upande ule anaoujua punda peke yake. Mnunuzi haoni huko, lakini Mungu anaona.