Andika Wosia Ukiwa Hai: Neno kwa Wazazi Waliotalikiana

(Hotuba ya afisa wa Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia katika mkutano wa wananchi, Busia, upande wa Uganda)



Huenda wengine mnajiuliza polisi ana haja gani na wosia. Nitawajibu kwa jambo nililolishuhudia. Mzee mmoja aliachana na mkewe miaka mingi iliyopita. Watoto wao watatu walikua, wakajitegemea. Kifungua mimba alifanya biashara ng'ambo ya mpaka, wa pili aliendesha bodaboda, na binti yao alirudi nyumbani kumwuguza baba. Mzee alimwahidi wa kwanza kiwanja cha mjini. Mwaka mwingine alimwahidi wa pili kiwanja kile kile. Akiwa kitandani, alimwambia binti kwamba nyumba itakuwa yake. Hakuandika lolote.

Siku ya nne baada ya maziko tuliitwa usiku. Ndugu wawili walikuwa wamekatana kwa mapanga, na mama yao alisimama uani akidai mabati aliyoyanunua kwa fedha zake kabla ya talaka. Tulipowahoji, hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alisema alichokisikia kwa masikio yake. Mmoja wao hana vidole viwili hadi leo. Ndugu zangu, polisi twaweza kumkamata mwenye panga, lakini hatuna mamlaka ya kugawa kiwanja, wala marehemu hawezi kuulizwa.

Watu husema: watoto wangu ni wakubwa, wataelewana. Lakini watoto wakubwa wana wake na waume, wana madeni, na kila mmoja ana hesabu yake. Pale ndoa ilipodumu, mzazi anayebaki huwakusanya watoto na kuwaonyesha mipaka ya shamba. Talaka humwondoa mpatanishi huyo. Zaidi ya hayo, pengine baadhi ya watoto walilelewa kwa mama na wengine kwa baba, na pengine kuna mke au mume mpya mwenye watoto wadogo.

Usipoandika, sheria itakugawia. Kwa Sheria ya Urithi ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, marehemu asiyeacha wosia, akiwa ameacha mjane au mgane, watoto, ndugu tegemezi na mrithi wa kimila, mali yake hugawanywa hivi: asilimia 75 kwa watoto, 20 kwa mjane au mgane, 4 kwa tegemezi, na 1 kwa mrithi wa kimila. Mtalaka si mjane. Ikiwa mlijenga pamoja nawe wataka apate kitu, huna budi kuandika. Mgawo huo pia haumtambui aliyekuuguza.

Basi wosia huandikwaje? Uwe na umri wa miaka 18 au zaidi, na akili timamu. Andika, kisha tia sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wawili wanaokuona, nao watie sahihi zao. Shahidi asiwe mtu unayempa mali, wala mume au mke wa mtu huyo, kwa maana zawadi yake itabatilika. Taja msimamizi wa wosia, mtu anayeaminiwa na watoto wote. Si lazima awe kifungua mimba. Orodhesha madeni yako. Mali ambayo ni haki ya mtalaka wako itenge mapema, kwa sababu huwezi kumrithisha mtu kitu kisicho chako.

Kama uliandika wosia ulipokuwa ndani ya ndoa, usitegemee kwamba talaka itafuta jina la mwenzako. Andika upya. Na ukioa au kuolewa tena, fahamu kwamba ndoa mpya huweza kubatilisha wosia wa zamani. Hapo pia andika upya.

Sisi watu wa mpakani tuna jambo moja zaidi. Ardhi hufuata sheria ya nchi iliyomo. Shamba lililo Uganda hurithiwa kwa sheria ya Uganda, na lililo Kenya kwa sheria ya Kenya. Kwa hiyo taja kila kipande peke yake, mahali kilipo na majirani wake, na umwone wakili anayeijua sheria ya upande huo. Ndugu Waislamu wamwendee kadhi au shekhe wao, kwani wosia wao hauvuki theluthi ya mali.

Mwisho, usiufiche wosia hata kwa msimamizi wake. Waite watoto wote, wa nyumba zote, siku moja, uwaambie ulichokusudia na sababu zake. Atakayenung'unika na anung'unike ungali hai, upate kumjibu. Yule mzee angaliwaita watoto wake watatu alasiri moja, tusingaliitwa sisi usiku ule.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba mali hiyo huweza kupotea pamoja na undugu. Yeyote anayetaka kueleweshwa zaidi, mlango wa ofisi yetu u wazi, na ushauri hatuutozi fedha.